Somo la Kompyuta: Programu Inapodai Ruhusa ya Msimamizi

Katika ukurasa huu wa mafunzo tumezoea kuzungumzia visima, miche ya miti, mbuzi wa maziwa na vikundi vya kuweka na kukopa. Robo hii tumeona vema tuguse chombo ambacho sasa kipo katika ofisi nyingi za sharika zetu, yaani kompyuta. Tutazungumzia jambo moja dogo ambalo linasumbua wengi: zile alama za kufungulia programu zilizopo kwenye uso wa kompyuta, na ule ujumbe unaodai ruhusa ya msimamizi.

Huenda msomaji akajiuliza jambo kama hilo linaihusu nini kamati ya usharika. Tunaomba avumilie asome kisa kinachofuata.

KISA CHA BAHASHA ZILIZOPOTEA

Usharika mmoja katika dayosisi yetu unatunza kumbukumbu za bahasha na ahadi za washarika kwa programu ya zamani ya kompyuta. Mwanzoni aliyeifunga programu hiyo aliingiza mwenyewe majina ya washarika wote pamoja na matoleo ya miezi miwili ya kwanza. Baada ya hapo kazi akaachiwa mama mtunza hazina, naye akaendelea kuandika kila Jumatatu bila kukosa kwa zaidi ya mwaka.

Siku moja programu ilikataa kuchapa taarifa. Kijana mmoja wa usharika aliitwa kusaidia. Alifanya marekebisho, taarifa ikachapwa, wote wakafurahi. Wiki iliyofuata, siku chache kabla ya wakaguzi kufika, mama alifungua programu akakuta majina yapo na ile miezi miwili ya kwanza ipo, lakini kazi yote aliyoandika yeye haipo. Ilikuwa kana kwamba hakuwahi kugusa kompyuta ile.

Kamati ilipoambiwa, maneno yakaanza. Mzee mmoja alisema wazi kwamba kumbukumbu hazifutiki zenyewe, na kwamba anayefuta huwa ana sababu. Mama alileta vitabu vya stakabadhi na karatasi za benki, lakini wengine hawakutaka hata kuvitazama. Aliomba apumzishwe kazi.

Tulipopigiwa simu tulikwenda. Tunakiri kwamba wazo letu la kwanza lilikuwa kufunga programu upya, na kama tungefanya hivyo kwa haraka tungeongeza mkanganyiko. Tulichofanya badala yake ni kukaa na mama na kumwuliza: "Mama, tangu kijana yule atengeneze, kuna kitu chochote umekiona kimebadilika, hata kidogo?"

Alifikiri, akasema: "Hakuna, baba. Ila siku hizi kila nikiifungua, kompyuta inakuwa na giza kidogo, inaniuliza Yes au No. Zamani haikuwa inaniuliza."

Jibu hilo lilifungua kila kitu. Tuliondoa tiki moja katika njia ya mkato ya programu ile, tukaifungua tena, na kazi yake yote ya zaidi ya mwaka ikarudi, shilingi kwa shilingi. Haikuwa imefutwa hata mara moja. Ilikuwa mahali pengine.

Jambo linalotuhuzunisha zaidi ni kwamba yule kijana hakubuni dawa yake. Aliisoma katika karatasi ya mafunzo tuliyoigawa sisi wenyewe, iliyosema: programu ikigoma, iweke ifunguke kwa haki za msimamizi. Hatukueleza hatari zake. Kwa hiyo somo hili ni la kulipa deni.

1. NJIA YA MKATO NI KITU GANI?

Tukiwasha kompyuta tunaona alama ndogo ndogo zilizopangwa kwenye desktopu. Nyingi zina mshale mdogo kwenye kona ya chini. Mshale huo unatuambia kwamba alama hii si programu yenyewe, bali ni njia ya mkato ya kwenda kwenye programu. Ni kama kibao cha barabarani chenye jina la usharika: kibao si kanisa. Ukiking'oa kibao, kanisa bado lipo. Ukiwa na vibao vitatu, kanisa ni lile lile moja.

Hata hivyo kibao kinaweza kubeba maelekezo ya ziada. Njia ya mkato inaweza kuambiwa, "kila ukibofywa, ifungue programu hii kwa mamlaka ya msimamizi." Basi inaweza kutokea kwamba desktopu ina njia mbili za mkato za programu moja, moja inafungua kwa kawaida na nyingine kwa mamlaka makubwa. Kwa macho zinafanana. Kwa kazi hazifanani.

2. MSIMAMIZI NA MTUMIAJI WA KAWAIDA

Kompyuta za Windows zina aina mbili kuu za akaunti. Akaunti ya msimamizi inaweza kufunga na kuondoa programu, kubadilisha mipangilio ya kompyuta nzima, na kugusa faili za watumiaji wengine. Akaunti ya kawaida inaweza kuandika barua, kutumia programu zilizopo, kuchapa na kutunza kazi zake, lakini haiwezi kubadilisha misingi ya kompyuta.

Wakati wa Windows XP, iliyotoka mwaka 2001, watu wengi walitumia akaunti ya msimamizi kwa kila kitu. Ilikuwa kama kumpa kila anayeingia ofisini ufunguo wa kasha la fedha. Kirusi kikiingia, nacho kilipata ufunguo huo huo. Windows Vista ilipotolewa kwa wananchi Januari 2007, utaratibu ulibadilika, na utaratibu huo umeendelea katika Windows 7, 8, 10 na 11. Sasa hata mtu mwenye akaunti ya msimamizi anafanya kazi zake za kila siku kwa mamlaka madogo. Programu ikitaka mamlaka makubwa, skrini inafifia na ujumbe unatokea kuuliza kama unaruhusu programu hiyo ibadilishe mambo kwenye kompyuta.

Mwenye akaunti ya msimamizi anaulizwa Yes au No tu. Mwenye akaunti ya kawaida anatakiwa kuingiza neno la siri la msimamizi. Programu ambazo kompyuta inajua zitadai ruhusa huwa na ngao ndogo ya rangi ya bluu na njano juu ya alama yake.

3. KWA NINI KUMBUKUMBU ZA MAMA ZILIJIFICHA

Hapa ndipo penye kiini cha somo, tunaomba tusome polepole.

Programu nyingi za zamani zilitengenezwa kuandika kumbukumbu zake ndani ya folda ile ile zilikofungwa, kwa kawaida chini ya Program Files. Tangu 2007 folda hiyo inalindwa. Mwenye mamlaka madogo haruhusiwi kuandika humo. Kama Windows ingekataa moja kwa moja, programu nyingi za zamani zingekufa siku hiyo hiyo. Basi watengenezaji waliweka mbinu. Programu ya zamani inapotaka kuandika humo bila mamlaka makubwa, Windows haikatai, bali kwa siri inaitengenezea nakala ya faili ndani ya folda ya mtumiaji, mahali panapoitwa VirtualStore. Kuanzia hapo programu inasoma na kuandika katika nakala hiyo, na yenyewe inaamini iko Program Files.

Lakini mbinu hiyo hufanya kazi tu pale programu inapofunguliwa kwa kawaida. Ikifunguliwa kwa mamlaka ya msimamizi, inakwenda moja kwa moja kwenye faili ya asili iliyoko Program Files.

Sasa tuangalie kisa chetu. Aliyefunga programu aliitumia kwa mamlaka ya msimamizi, kwa hiyo majina na miezi miwili vikaandikwa katika faili ya asili. Mama alipoanza kuifungua kwa kawaida, Windows ilinakili faili hiyo ikaiweka katika VirtualStore yake, naye akaendelea kuandika humo kwa zaidi ya mwaka. Kijana alipoweka tiki ya msimamizi, programu ikarudi kwenye faili ya asili yenye miezi miwili tu. Mama hakufuta kitu. Kijana hakufuta kitu. Palikuwa na madaftari mawili kabatini, na kompyuta ikafungua lile la zamani.

Hali hii hii inaweza kutokea bila tiki yoyote. Kama katibu na mtunza hazina wana akaunti mbili tofauti katika kompyuta moja, kila mmoja atakuwa na VirtualStore yake. Kila mmoja ataandika, kila mmoja ataona kazi yake tu, na mwisho wa mwaka jumla zao hazitalingana. Watu wawili waaminifu wanaweza kushukiana kwa sababu hiyo.

4. MATATIZO YA KAWAIDA NA JINSI YA KUYATATUA

Programu inauliza ruhusa kila inapofunguliwa.
Bofya kitufe cha kulia cha kipanya juu ya njia ya mkato, chagua Properties. Katika ukurasa wa Shortcut bofya Advanced, utaona kama kuna tiki kwenye Run as administrator. Kisha angalia ukurasa wa Compatibility, nao una sehemu yake ya tiki kama hiyo. Mahali ni pawili. Wengi huondoa tiki moja wakasahau ya pili. Kama hakuna tiki popote na ngao bado ipo, basi programu yenyewe imetengenezwa idai mamlaka hayo, na dawa ni kutafuta toleo jipya kwa aliyeitengeneza. Kabla ya kuondoa tiki yoyote katika programu yenye kumbukumbu, chukua nakala ya akiba.

Sehemu ya kuweka tiki imefifia, haibofyeki.
Mara nyingi njia hiyo ya mkato inaelekea kwenye waraka au picha, wala si programu. Au programu imeletwa kupitia duka la Microsoft, ambako utaratibu ni tofauti. Kama kweli unahitaji ruhusa kwa mara moja, itafute programu yenyewe ndani ya folda yake, ibofye kwa kitufe cha kulia, uchague Run as administrator hapo hapo.

Kompyuta inadai ruhusa unapotaka kufuta au kubadili jina la njia ya mkato.
Njia hiyo iko katika desktopu ya watumiaji wote, ambayo folda yake iko chini ya Public. Kwa kuwa ni ya wote, mtu mmoja haruhusiwi kuiondoa peke yake bila msimamizi. Hii si hitilafu. Na tukumbuke, kuifuta hakuondoi programu.

Katibu aliingiza neno la siri la msimamizi, akahifadhi barua, sasa haioni.
Mtumiaji wa kawaida akiingiza neno la siri la mtu mwingine, programu ile inafunguka kwa jina la huyo mwingine. Folda ya Documents inayoonekana ni ya msimamizi, si ya katibu. Ingia kwa akaunti ya msimamizi, barua utaikuta huko.

Programu haioni diski ya mtandao.
Ofisi zenye kompyuta mbili au tatu hupeana folda kwa herufi, kwa mfano diski Z. Programu iliyofunguliwa kwa mamlaka ya msimamizi kwa kawaida haiioni diski hiyo, ijapokuwa programu nyingine zinaiona. Ifungue kwa kawaida, diski itaonekana.

Huwezi kuburuta faili na kuiachia ndani ya programu.
Windows huzuia dirisha lenye mamlaka madogo kupeleka vitu katika dirisha lenye mamlaka makubwa. Tumia amri ya kufungua faili ndani ya programu, au ifungue programu kwa kawaida.

Ujumbe wa ruhusa umetokea lakini Yes imefifia na hakuna pa kuandika neno la siri.
Mara nyingi maana yake ni kwamba hakuna akaunti ya msimamizi iliyo hai katika kompyuta hiyo. Hapa msijaribu kubahatisha. Mwiteni fundi mnayemwamini, na awepo mjumbe wa kamati wakati anafanya kazi.

5. HATUA ZA KUOKOA KUMBUKUMBU ZILIZOJIFICHA

Kumbukumbu zikionekana kupotea, fuateni hatua hizi kwa mpangilio.

Kwanza, acheni kuandika. Fungeni programu. Kila kitu kipya kitakachoandikwa sasa kitazidisha tofauti kati ya madaftari yale mawili.

Pili, andikeni kwenye karatasi majina ya akaunti zote zilizomo katika kompyuta na nani anatumia ipi.

Tatu, ingieni kwa akaunti ya kila mtumiaji wa programu hiyo. Shikeni kitufe cha Windows pamoja na herufi R, andikeni %localappdata%\VirtualStore kisha bofyeni Enter. Ikifunguka folda, tafuteni ndani yake jina la programu. Andikeni tarehe ya mwisho ya kila faili na ukubwa wake. Isipofunguka, basi akaunti hiyo haina nakala iliyofichwa.

Nne, nakilini kila faili mliyoipata, pamoja na ile ya Program Files, mkaziweke kwenye flashi safi. Kila moja iwe katika folda yenye jina la mtu ilikotoka. Msifute ya asili.

Tano, linganisheni. Kama nakala moja ina kila kitu kilicho katika nyingine na zaidi, hiyo ndiyo ya kweli. Kama zote mbili zimeandikwa mambo mapya, msiibandike moja juu ya nyingine, kwa sababu mtapoteza kazi ya mmoja. Chagueni moja yenye mambo mengi, halafu yaliyopungua yaandikwe upya kutoka vitabu vya stakabadhi, watu wawili wakiwa wamekaa pamoja.

Sita, wekeni programu na kumbukumbu zake nje ya Program Files. Tengenezeni folda moja kwa moja katika diski C, kwa mfano C:\HESABU, na programu ifungwe humo au ielekezwe kutunza kumbukumbu humo. Katika mpangilio wa kawaida wa Windows, watumiaji wote wa kompyuta wanaweza kuandika katika folda kama hiyo. Hakutakuwa na haja ya mamlaka ya msimamizi, wala ya nakala za siri. Daftari litakuwa moja.

Saba, ziondoeni nakala za zamani kutoka VirtualStore, zibaki kwenye flashi tu. Futeni njia zote za mkato za zamani, tengenezeni moja mpya isiyo na tiki.

Nane, linganisheni jumla za kompyuta na vitabu vya stakabadhi na karatasi za benki. Matokeo yaandikwe katika muhtasari wa kikao.

Katika usharika ule tulifanya hatua hizi zote mbele ya kamati nzima. Jumla zililingana. Yule mzee aliyekuwa amesema maneno mazito alisimama mwenyewe, akamwomba mama radhi mbele ya wote. Mama aliendelea na kazi. Sisi nasi tuliomba radhi kwa ile karatasi yetu, tukamwomba pia kijana asione haya, maana alifuata tulichomfundisha.

6. KWA NINI TUSIWEKE TIKI KILA MAHALI

Wengine watasema, kwa nini tusiifungue kila programu kwa mamlaka ya msimamizi, tuepuke usumbufu? Zipo sababu tatu.

Ya kwanza tumeiona: kumbukumbu zinaweza kugawanyika.

Ya pili ni virusi. Programu yenye mamlaka makubwa ikipata kirusi, kirusi nacho kinapata mamlaka hayo. Na njia za mkato zenyewe zimewahi kutumika vibaya. Mwaka 2010 kirusi kilichoitwa Stuxnet kilitumia kasoro iliyokuwamo katika namna Windows inavyoonyesha njia za mkato. Ilitosha mtu kufungua flashi na kuiona alama, bila hata kuibofya. Microsoft walitoa marekebisho Agosti mwaka huo huo. Katika ofisi zetu wengi tumekutana na kirusi kingine: unachomeka flashi, unakuta folda zako zote zimegeuka njia za mkato. Mara nyingi folda zenyewe bado zipo, zimefichwa tu. Msibofye alama hizo, wala msikubali kuisafisha flashi yote kabla fundi hajaitazama.

Ya tatu ni mazoea. Mtu anayeulizwa Yes au No mara ishirini kwa siku huacha kusoma. Siku swali la hatari linapokuja, atabofya Yes kwa mazoea. Ujumbe ule unaonyesha jina la programu na jina la aliyeitengeneza. Kama hukuwa unafungua kitu chochote na ujumbe umetokea wenyewe, jibu ni No.

Sheria tunayopendekeza ni rahisi. Kufunga programu mpya au printa: ruhusa ya msimamizi inahitajika. Kazi ya kila siku, kama kuandika barua, hesabu na kuchapa: haihitajiki. Programu ya kila siku ikidai ruhusa hiyo, kwanza tuulize kwa nini.

7. NANI ASHIKE NENO LA SIRI

Kasha la fedha la usharika lina taratibu zake. Kompyuta yenye hesabu za usharika nayo iwe nazo.

Tunashauri kila kompyuta ya ofisi iwe na akaunti moja ya msimamizi ambayo haitumiki kwa kazi za kila siku, na kila mfanyakazi awe na akaunti yake ya kawaida. Aina ya akaunti hubadilishwa katika Control Panel, sehemu ya User Accounts. Kabla ya kumbadilisha mtu yeyote kuwa mtumiaji wa kawaida, hakikisheni ile akaunti ya msimamizi inafunguka na neno lake la siri linajulikana.

Neno hilo liandikwe kwenye karatasi, liwekwe ndani ya bahasha iliyofungwa na kutiwa saini na watu wawili, kisha litunzwe pamoja na hati muhimu za usharika. Mfanyakazi akihama, neno libadilishwe na bahasha mpya itengenezwe. Tumeona sharika ambako katibu alihamia mji mwingine na neno la siri akaondoka nalo kichwani.

Fundi akija, aandikwe kwenye daftari dogo: tarehe, alichokuta, alichobadilisha. Laiti usharika ule ungekuwa na daftari kama hilo, tatizo lingejulikana kwa dakika kumi.

8. NENO KWA WAFADHILI NA MARAFIKI

Tunawashukuru wote wanaotusaidia kwa kompyuta. Kutokana na tuliyojifunza, tunawaomba mambo matatu.

Moja, kompyuta iliyotumika inapoletwa, ije pamoja na neno la siri la msimamizi, au ije ikiwa imesafishwa na kufungwa mfumo upya. Tumepokea kompyuta nzuri ambazo hatukuweza kufunga hata printa, kwa sababu msimamizi wake aliyejulikana na kompyuta yuko ng'ambo.

Mbili, tuangalie umri wa mfumo. Windows XP iliacha kupata marekebisho ya usalama tarehe 8 Aprili 2014, Windows 7 tarehe 14 Januari 2020, na huduma ya kawaida ya Windows 10 ilikoma tarehe 14 Oktoba 2025. Kompyuta ambayo haiwezi kubeba mfumo unaohudumiwa inaweza kufaa kwa mafunzo ya kuandika, lakini si kwa kutunza hesabu huku imeunganishwa na intaneti.

Tatu, bajeti ya kompyuta iwe na fungu la mafunzo na matengenezo. Kilichokuwa karibu kuvunjika katika usharika ule hakikuwa mashine. Ilikuwa ni imani ya watu kwa mtu aliyetumika kwa uaminifu, na hiyo haina kipuri.

MASWALI YA KUJADILI KATIKA KAMATI

1. Kompyuta ya ofisi yetu ina akaunti ngapi? Ni zipi za msimamizi?
2. Nani anajua neno la siri la msimamizi leo? Akisafiri, tutafanya nini?
3. Kumbukumbu za bahasha na ahadi zimehifadhiwa katika folda gani? Nakala ya akiba ya mwisho ilichukuliwa lini, na iko wapi?
4. Je, kuna programu ya kila siku inayouliza Yes au No kila ikifunguliwa? Ilianza lini kuuliza?
5. Hesabu za kompyuta zikitofautiana na stakabadhi, kamati yetu itaanza kwa kuuliza nini: nani amefanya, au nini kimebadilika?

Swali la tano tunaomba lijadiliwe kwa muda wa kutosha. Wale mliohifadhi ile karatasi yetu ya zamani, tafadhali futeni mstari unaosema kila programu inayogoma iwekewe haki za msimamizi, na pembeni andikeni: kwanza chukua nakala, halafu uliza kwa nini.

Tunawatakia kazi njema katika robo hii. Sharika zitakazokwama katika hatua yoyote zisisite kufika ofisi ya miradi.